Sarafu za fedha za marehemu babu zimegeuka nyeusi ndani ya kopo lililofungwa. Sababu ni nini, na ninyi mnazihifadhije?

#1 Mjukuu wa Ngamiani
Wakuu salaam. Babu yangu alikuwa karani wa shamba la mkonge huku Tanga, akaniachia sarafu za fedha alizokusanya maisha yake yote. Kuna rupia za Mjerumani, zile za DOAG (kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki) zenye simba na mtende upande mmoja na Kaisari Wilhelm mwenye kofia yenye ndege tai upande wa pili. Kuna rupia za India zenye kichwa cha Malkia Victoria, shilingi za Afrika Mashariki za kuanzia 1921, na riale moja ya Maria Theresa, yule malkia wa Austria. Mimi nimeongeza moja tu, shilingi 50 ya 1974 yenye faru.

Babu aliziweka kwenye kifuko cha ngozi na zilikuwa za kijivu cha kawaida. Kifuko kikachanika. Nikazihamishia kwenye kopo la biskuti, nikazifunga kwa kitambaa cha flana, nikatia vidonge viwili vya kufukuza wadudu wa nondo, kopo likaingia kabati la mvule. Masika yameisha nafungua: rupia nyeusi ti, shilingi zina madoa ya kijani, faru ana rangi za upinde wa mvua kuzunguka ukingo. Riale haijabadilika hata kidogo!

Kopo moja, kabati moja. Kwa nini kila moja imeharibika kivyake? Na nifanye nini?

#2 Mzee Kijiwe
Majivu na ndimu. Sugua, suuza, zinang'aa kama za jana. Uzi ufungwe.

#3 Sonara Mstaafu
Namba 2 usimpoteze mtoto wa watu. Majivu ni mchanga laini, yanakwangua. Nimefanya kazi ya usonara Mji Mkongwe muda mrefu na kila aliyeniletea sarafu iliyosuguliwa nilimlipa bei ya kuyeyusha, kwa uzito tu. Mkusanyaji hainunui tena, maana akiinua kwenye taa anaiona mikwaruzo.

Mjukuu, usiguse kitu kwanza. Weusi unaweza kusubiri. Wa kijani ndio usiosubiri, hizo shilingi zitenge leo.

#4 Rupia Kumi
Ni unyevu wa bahari tu ndugu, hakuna uchawi. Tanga masika hata chumvi ya mezani inageuka uji. Hewa ya pwani ina chumvi, chumvi inakula madini. Ungekuwa Dodoma usingefungua huu uzi.

#5 Kemia Darasani
#4 una nusu ya ukweli. Fedha haipati kutu kwa oksijeni kama chuma, na maji matupu hayaifanyi kitu. Kinachoifanya nyeusi ni salfa, hasa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Inashikana na fedha na kutengeneza utando wa salfaidi ya fedha. Unyevu unaharakisha kazi, ila lazima salfa itoke mahali.

Utando ukiwa mwembamba sana unaona njano, kisha hudhurungi, zambarau, buluu, mwisho nyeusi. Kwa hiyo faru wako na rupia zako zina ugonjwa mmoja, zimetofautiana hatua. Faru alitolewa kwa ajili ya wakusanyaji, kama ni ile iliyong'arishwa maalumu ni fedha asilimia 92.5 na uso wake ni kama kioo, kila utando unaonekana.

Shilingi ni habari nyingine kabisa. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ina robo tu ya fedha, nyingine karibu yote ni shaba. Kijani unachokiona ni shaba inaliwa.

Swali langu: ndani ya kopo kulikuwa na nini kingine? Karatasi? Gazeti? Mpira?

#6 Bint Kibokoni
Mombasa hapa, nawasikia. Kwetu nyumbani mapambo ya fedha ya bibi yalikuwa yakiwa meusi kila baada ya Ramadhani, na bibi alisema ni moshi wa udi na ubani. Chumba kilichofukizwa mara kwa mara, fedha yake inageuka upesi. Je kabati lako liko chumba gani?

#7 Mjukuu wa Ngamiani
@Kemia Darasani ahsante. Hakukuwa na gazeti. Ila shilingi nilizipanga mafungu mafungu na kila fungu nikalifunga kwa mpira, ile ya kufungia noti. Ina shida?

@Bint Kibokoni kabati liko chumbani kwa mama, na mama udi haumpiti Alhamisi jioni.

#8 Kemia Darasani
Umejipiga mwenyewe mkuu 😂 Mpira unakomazwa kwa salfa kiwandani na unaendelea kuitoa polepole. Kuufungia na fedha ndani ya kopo lisilopitisha hewa ni kuipeleka salfa mpaka mdomoni. Angalia shilingi za juu na chini ya kila fungu kama zina mstari mweusi ulionyooka pale mpira ulipopita.

#9 Rupia Kumi
Sasa mbona shilingi zenye mpira zimekuwa za kijani, na rupia zisizo na mpira ndizo nyeusi ti? Maelezo yako yanakwenda kinyume.

#10 Kemia Darasani
Hayaendi kinyume. Gesi inajaza kopo zima, haikai kwenye fungu lake. Rupia ni fedha asilimia 91.7, zina fedha nyingi ya kugeuka. Shilingi zina kidogo.

#11 Rupia Kumi
Na riale? Riale ni asilimia 83.3. Kwa hesabu yako ingekuwa nyeusi karibu sawa na rupia. Imebaki vile vile. Tunasubiri mwalimu.

#12 Mzee Kijiwe
Hahaha darasa limegoma.

#13 Korosho Ghafi
Niulize mimi wa Newala. Salfa ya mikorosho! Huku msimu wa kupulizia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unga wa salfa unakaa ndani ya nyumba magunia kwa magunia kwa kuwa hakuna anayetaka kuuacha nje uibiwe. Mkufu wa fedha wa mke wangu unageuka mweusi akiwa ameuvaa. Pete zote za fedha kijijini msimu ule ni nyeusi. Mjukuu, hapo jirani hakuna ghala la pembejeo?

#14 Mjukuu wa Ngamiani
Mkuu Tanga mjini hatuna mikorosho ya kupuliza. Ila mama huwa anamwaga unga wa salfa kwenye kona za uani kufukuza nyoka...

#15 Korosho Ghafi
Nimemaliza kazi yangu. 😎

#16 Mswahili wa Ruwi
Assalaam alaykum kutoka Muscat. Naona riale mnaipita haraka. Huku kwetu riale za Maria Theresa zilikuwa miongoni mwa fedha za sokoni mpaka Rial Saidi ilipoanza 1970, na mafundi wa majambia na vikuku wamezitumia vizazi kwa vizazi. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa huyo mama, lakini zimeendelea kupigwa karne mbili baadaye. 1935 Mussolini wa Italia alipotaka kuingia Uhabeshi alichukua haki ya kuzipiga Roma, na Waingereza wakajibu kwa kuzipiga London kuanzia 1936, baadaye mpaka Bombay. Kwa hiyo riale yako inaweza kuwa changa kuliko babu.

Isipogeuka kabisa kwenye kopo ambalo kila kitu kimegeuka, swali la kwanza ni kama ni fedha. Ipime. Inatakiwa gramu 28 na ushee kidogo, iliyotumika sana inashuka. Kisha soma ukingo: lazima kuwe na maandishi yaliyonyanyuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Ya bandia za kumiminwa mara nyingi ukingo umefifia au una mstari wa kiungio.

#17 Sonara Mstaafu
Wazee walikuwa wakihesabu lulu za kwenye bruchi ya Maria Theresa begani, tisa. Mfanyabiashara wa bara alikuwa anakataa riale kwa lulu kutokuonekana vizuri, hata kama fedha ni halisi.

Na kuna jambo jingine. Riale nyingi zilizopita mikononi mwetu masonara zilipakwa vanishi nyembamba zisigeuke dukani. Vanishi huioni kwa macho. Inawezekana riale ya babu imefunikwa.

#18 Mjukuu wa Ngamiani
Nimeipeleka kwa muuza dawa mwenye mzani mdogo: gramu 27.9. Ukingo una maandishi, nimeyasoma IUSTITIA na CLEMENTIA. Lulu nimehesabu tisa, mke wangu kahesabu nane, tumegombana.

#19 Bint Kibokoni
Muamini mkeo 😂

#20 Dada Minneapolis
Habari za huko. Nakusanya sarafu za pwani nikiwa huku Marekani, kwa hiyo natoa uzoefu wa upande wa wanunuzi.

Kwanza, hali ya hewa. Huku majira ya baridi hewa ya ndani ni kavu mpaka ngozi inapasuka, na bado nimeona sarafu zikigeuka, kwa sababu ya albamu za zamani za karatasi ngumu zenye salfa. Kwa hiyo #4, ukavu peke yake haukuokoi. Kuna hata wanaolipa zaidi kwa zile rangi za upinde wa mvua zikiwa zimekuja zenyewe. Faru wako usimguse, unaweza kuwa umempandisha bei bila kujua.

Pili, sumu kubwa kuliko kopo lako ni vile vifuko laini vya plastiki vinavyonata vidole na kunuka kama pazia jipya la bafuni. Hiyo ni PVC, plastiki yenye klorini. Kulainishwa kwake kunatokana na mafuta ambayo baada ya miaka yanavuja juu ya sarafu, na plastiki yenyewe ikichakaa inatoa asidi. Unaona ute wa kijani unaonata. Watu wanadhani ni kutu ya shaba. Vifuko salama ni vya poliesta, ile inayoitwa Mylar, vigumu kidogo na havinuki. Au vidonge vigumu vya akriliki vinavyofungwa kama kifuniko cha saa.

Tatu, sarafu ikitumwa NGC au PCGS, makampuni ya kukagua sarafu, na wakaona imesafishwa kwa kusugua, wanaifunga kwenye kibweta wakiwa wameandika kwamba imesafishwa. Hilo neno linaifuata milele.

#21 Rupia Kumi
Dada hapo umenena, lakini hivyo vidonge vya akriliki kwetu vinapatikana wapi? Mtu anunue kidonge kwa bei inayozidi shilingi ya 1942 iliyomo ndani?

#22 Dada Minneapolis
Kweli. Kwa shilingi za kawaida mfuko wa zipu wa polithini unatosha. Polithini haina klorini wala mafuta ya kulainishia. Akriliki weka faru na rupia nzuri tu.

#23 Mzee Kijiwe
Mifuko ya plastiki si ilikatazwa 2019? Mnataka kijana akamatwe na urithi wake mkononi?

#24 Kemia Darasani
Katazo la Juni 2019 lilihusu mifuko ya kubebea bidhaa mzee wangu, vifungashio vina kanuni zake. Vifuko vya zipu wauza vifaa vya maabara wanavyo, na hata mafundi simu.

Narudi kwa riale. Maelezo ya vanishi (#17) nayaheshimu lakini kuna rahisi zaidi: mafuta ya ngozi. Sarafu iliyoshikwashikwa kila siku inabeba utando wa mafuta unaoizuia gesi. Babu aliitoa mara kwa mara kuwaonyesha wageni?

#25 Mjukuu wa Ngamiani
Kila mgeni. Hata mjumbe wa nyumba kumi aliishika.

#26 Sonara Mstaafu
Nakataa. Jasho la vidole ndilo linalochora fedha, lina chumvi na asidi. Nimeona sarafu yenye alama ya kidole gumba iliyojichora kabisa, haitoki tena. Mafuta ya kinga hayo ya Kemia yanatoka wapi? Shika sarafu kwa ukingo tu, vidole viwili, juu ya taulo, maana ikianguka kwenye sakafu ya saruji basi.

#27 Kemia Darasani
Mzee wangu, vyote viwili vinatokea. Alama ya kidole kwenye sarafu safi inakula. Sarafu iliyotumika miaka mingi ina uso mwingine.

#28 Sonara Mstaafu
Kitabuni.

#29 Kisiwandui
Mnasahau vidonge vya nondo. Nimewahi kuona vitabu na stempu zilizofungiwa na nondo, kila kitu kilipata ukungu wa mafuta juu yake. Mimi naweka lawama yote hapo.

#30 Kemia Darasani
Inategemea aina. Naftalini safi haina salfa. Lakini naftalini ya bei nafuu inachujwa kutoka lami ya makaa ya mawe, na hiyo hubaki na masalia yenye salfa. Kuna aina nyingine ya nondo ina klorini. Kwa vyovyote vile isikae na sarafu, na isikae na plastiki, zipo plastiki inazozilainisha.

Kwa hiyo mpaka sasa watuhumiwa ni mpira, udi, unga wa nyoka, nondo, na flana kama ni ya sufu. Sufu nayo ina salfa ndani ya nyuzi zake.

#31 Korosho Ghafi
Unga wa nyoka.

#32 Rupia Kumi
Unyevu.

#33 Bint Kibokoni
Mbao je? Mmeacha kabati la mvule. Mzee wangu alikuwa na mizani ya risasi kwenye droo ya mbao ikageuka unga mweupe.

#34 Kemia Darasani
Umegusa penyewe bibie. Mbao nyingi hutoa mvuke wa asidi, aina ya siki. Huo unaila risasi vibaya sana, na shaba pia. Fedha unaihurumia. Kwa hiyo mbao inaweza kueleza kijani cha shilingi, na isieleze weusi wa rupia. Lakini kopo la biskuti lilikuwa limefungwa, sijui mvuke ungepitaje.

#35 Mjukuu wa Ngamiani
Kifuniko hakibani vizuri, wajukuu wenzangu walikikalia.

#36 Mzee Kijiwe
Kopo "lililofungwa" la kwenye kichwa cha uzi ndilo hilo? Haya.

#37 Kisiwandui
Tuje kwenye kutibu. Kuna njia ya karatasi ya alumini na magadi: unatandika karatasi ya alumini chini ya bakuli, unaweka sarafu juu yake igusane, unamwaga maji ya moto yenye magadi. Weusi unahamia kwenye alumini, harufu ya yai viza inatoka. Haisugui kitu.

#38 Sonara Mstaafu
Inafanya kazi kwa vijiko. Kwenye sarafu inakuachia uso mweupe wa chokaa, umekufa, na weusi wa kwenye mashimo ya herufi unaondoka pia, ule ambao ndio unaonyesha sura vizuri. Sisi tulitumia ukwaju na sabuni ya reta, yale matunda yenye povu, kwa vikuku, tukasafisha, tukauza kama vikuku. Riale ya mkusanyaji hatukuitia ukwaju.

#39 Dada Minneapolis
Naunga mkono #38. Dawa za kuchovya zinazouzwa madukani ndiyo mbaya zaidi, ni asidi pamoja na kemikali iitwayo thiourea, zinakula tabaka la juu la fedha lenyewe. Ukichovya mara ya pili na ya tatu mng'ao wa kiwandani umekwisha.

Kitu pekee ninachothubutu ni asetoni safi, kwa kuondoa ute wa PVC na mafuta. Haigusi fedha wala salfaidi. Chovya, acha, badilisha asetoni, chovya tena, weka juu ya karatasi ikauke yenyewe. Hakuna kufuta. Dirisha wazi, mbali na jiko, asetoni inashika moto haraka.

#40 Rupia Kumi
Ile ya kuondolea rangi ya kucha si asetoni? Ipo kila saluni.

#41 Dada Minneapolis
HAPANA. Ile imechanganywa manukato, rangi na mafuta. Vikikauka vinabaki juu ya sarafu.

#42 Kisiwandui
Na baada ya hapo suuza kwa maji ya betri, si ya bomba. Ya bomba yana klorini.

#43 Sonara Mstaafu
Hapo fafanua kabla mtu hajaharibu mali! Kuna duka ukiomba maji ya betri unapewa maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliogeuzwa maji, na kuna duka unapewa asidi ya betri yenyewe, asidi ya salfa hiyo. Omba maji yaliyokenekwa, soma chupa, na kama muuzaji anakuonya usimwagie nguo, rudisha.

#44 Korosho Ghafi
Unaona? Kila barabara inarudi kwenye salfa.

#45 Mjukuu wa Ngamiani
Jamani kwa shilingi za kijani sasa, asetoni inatosha?

#46 Kemia Darasani
Kwanza jua ni kijani gani. Kikiwa kinanata na kulainika ukikigusa kwa kijiti cha mwanzi, ni ute, asetoni inakiondoa. Kikiwa kigumu au unga, ni shaba imeliwa, asetoni haifanyi kitu. Hapo zikaushe, zitenge, kila moja mfuko wake, ili zisiguse nyingine. Na usitumie pini kuchokoa.

#47 Mpenda Mabaki
Nimechelewa. Mnaogopa unyevu na salfa kama zimwi. Mtambwe Mkuu, Pemba, 1984, wachimbaji wa kale walifukua zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zilizozikwa karne ya 11. Kisiwani! Ardhini! Karibu na maji ya bahari! Zikasomeka majina ya watawala. Kopo la biskuti lina nini?

#48 Rupia Kumi
Swali zuri sana kwa mwalimu.

#49 Kemia Darasani
Kusomeka si kubaki nzuri. Fedha kwenye udongo wa chumvi huvaa ganda la kloraidi ya fedha, na nyingine huwa dhaifu ikavunjika kama biskuti. Wataalamu wa makumbusho hutumia muda mrefu kuliondoa ganda. Wewe unataka rupia yako ikae hivyo?

#50 Mpenda Mabaki
Nataka mjue tu kwamba zilikuwepo sarafu za fedha zilizopigwa pwani hii kabla ya huyo Kaisari na kofia yake. Na neno moja la sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inahesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kuwa cha kale. Ukifukua sarafu shambani usiipeleke kwa sonara, toa taarifa.

#51 Mswahili wa Ruwi
Riale imeandikwa 1780. Ikiwa ilipigwa Bombay wakati wa vita vya pili, sheria inasoma maandishi au inasoma kiwanda? 😂

#52 Mpenda Mabaki
Kiwanda bila shaka. Sheria inasema "kutengenezwa". Kazi ni kuthibitisha.

#53 Bint Kibokoni
Mimi nieleze ninavyofanya Mombasa, pengine itamfaa Mjukuu, na haijanigharimu sana. Kila sarafu kwenye kadi ya inchi mbili kwa mbili yenye dirisha la Mylar, kisha kwenye boksi la plastiki la chakula lenye mpira wa silikoni kwenye kifuniko. Silikoni haikomazwi kwa salfa, ila hakikisheni ni silikoni kweli. Ndani natia silika, zile chembe za kuvuta unyevu, ya kubadilika rangi. Ikishachoka naikausha kwenye oveni moto mdogo, inarudi. Vile vifuko vya kwenye maboksi ya viatu vinafaa pia, ila havikuonyeshi vimeshiba lini.

Pini za zile kadi bonyezeni zilale kwa koleo. Pini iliyosimama imewahi kuikwaruza rupia ya jirani yake.

#54 Kemia Darasani
Nyongeza kwa #53. Silika ya buluu inayogeuka waridi ina chumvi ya kobalti, ni sumu, msiwaachie watoto. Ipo ya chungwa. Na silika inavuta maji, haivuti salfa. Kwa salfa kuna vifuko vyenye chembe za shaba vinavyojitoa kafara vyenyewe kabla ya sarafu, na vitambaa vyenye chembe za fedha kwa kazi hiyo hiyo.

#55 Kisiwandui
Mimi natia kipande cha mkaa.

#56 Sonara Mstaafu
Mkaa mkavu unavuta harufu, kweli. Lakini vumbi lake likigusa sarafu utatamani ungeacha.

#57 Rupia Kumi
Benki je? Sanduku la benki lina kiyoyozi.

#58 Mzee Kijiwe
Benki ukifa leo wanao watazunguka na barua za mahakama mpaka sarafu zigeuke nyeusi tena.

#59 Dada Minneapolis
Pia kwa kawaida benki haiwekei bima kilichomo kwenye sanduku. Popote utakapoziweka, piga picha pande zote mbili, andika mwaka, herufi ya kiwanda na uzito wa kila moja, daftari likae nyumba nyingine. Na Mjukuu, umetuambia mji, mtaa, kabati na chumba. Futa.

#60 Mjukuu wa Ngamiani
Kabati limeshahamishwa 😅

Matokeo: mipira yote nimeitoa. Shilingi tatu zina ule mstari mweusi ulionyooka kama mlivyosema. Lakini na rupia moja ambayo haikuwa kwenye fungu lolote ina mstari kama huo huo. Flana nimeichoma kidogo pembeni, imenuka kama nywele.

#61 Kemia Darasani
Harufu ya nywele ni sufu. Na rupia ile labda ilikuwa imeegemea fungu.

#62 Rupia Kumi
Labda.

#63 Sonara Mstaafu
Hiyo rupia yenye mstari ni ya mwaka gani? Na chini ya tarehe pana herufi? Kama ni ya serikali ya Mjerumani, ya 1904 kuja juu, tafuta herufi ya kiwanda: A ya Berlin au J ya Hamburg.

#64 Mjukuu wa Ngamiani
1891, ya DOAG. Sioni herufi. Riale nayo nitaitia asetoni wikiendi hii nione kama ina vanishi.

#65 Sonara Mstaafu
Za DOAG hazina, usijichoshe kutafuta. Asetoni kwenye riale anza ukingoni, kwa ncha ya pamba, kwa kugusa tu, usizamishe nzima. Kama ina vanishi ikatoka nusu utakuwa na riale ya rangi mbili.

#66 Mswahili wa Ruwi
Au iache. Imekaa miaka yote hiyo bila kugeuka, sasa unataka kuivua nguo ili ujue kwa nini haikugeuka?

#67 Kemia Darasani
Kwa ajili ya elimu!

#68 Bint Kibokoni
Elimu tumia riale yako mwalimu.

#69 Kisiwandui
Kuna mtu ana florini ya 1920 ya Afrika Mashariki, ile ya nusu fedha? Nabadilishana na rupia mbili za Victoria, hazijasuguliwa.

#70 Mzee Kijiwe
Ninayo. Ila niliisugua kwa majivu.